Kwa nini Jessica Fletcher anaendesha gari kwenye "Gin and Daggers"? Kwenye runinga hajawahi kushika usukani!

#1 Binti Mwalimu

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi.

Nimepata kitabu kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar. Elfu tatu tu. Kinaitwa "Gin and Daggers", na juu ya jalada kuna majina mawili ya waandishi: Jessica Fletcher na Donald Bain. Ni chapa ya mwaka 1989, karatasi zimeshageuka rangi ya chai.

Kwa wasiomjua, Jessica Fletcher ndiye yule mama wa Murder, She Wrote, tamthilia ya CBS ya Marekani iliyoanza Septemba 1984 ikaisha Mei 1996. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mjane, anaishi Cabot Cove, kimji cha pwani ya Maine. Anaandika riwaya za mauaji, na kila anakokwenda maiti haikosekani. Aliyemwigiza ni Angela Lansbury.

Sasa kila aliyeiangalia anajua kitu kimoja: Jessica haendeshi gari. Ana baiskeli. Safari ikiwa ndefu anapanda teksi, basi au treni, au anaomba lifti kwa sherifu au kwa daktari Seth Hazlitt. Miaka 12 yote ni hivyo hivyo. Nafungua kitabu, namkuta ameshika usukani! Nikarudia ule ukurasa mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo yamechoka.

Aliyeandika hakuwahi kuiangalia tamthilia? Au kuna kipindi anaendesha ambacho mimi kilinipita?

#2 Kipanga wa Tanga

Dada, hiyo si hadithi ya Agatha Christie? Nadhani vitabu vilitangulia, halafu runinga wakabadilisha. Kwa hiyo waliokosea ni watu wa runinga.

#3 Mzee wa Kiko

Kipanga hapana. Christie hahusiki na Jessica. Tamthilia ilibuniwa na watu watatu: Peter S. Fischer, Richard Levinson na William Link. Hao wawili wa mwisho ndio waliomleta Columbo, mpelelezi mwingine wa runinga. Nadhani unachanganya kwa sababu Angela Lansbury aliwahi kumwigiza Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Christie, kwenye filamu ya mwaka 1980, miaka minne kabla hajawa Jessica.

Huyu mama alizaliwa kwenye runinga. Vitabu vimekuja nyuma yake.

#4 Fundi Baiskeli

Mleta uzi, hakuna kipindi kilichokupita. Vipindi ni 264, na baadaye filamu nne za runinga, ya mwisho 2003. Nimeviona vyote, vingine mara tatu. Anasema kwa mdomo wake kuwa haendeshi. Ile baiskeli wameiweka hadi kwenye picha za mwanzo wa kipindi.

Kitabu kimekosea.

#5 Nyota ya Pemba

Assalaam aleikum. Mimi niko Maskati na hicho kitabu ninacho hapa kabatini. Nimekisoma mwanzo mpaka mwisho na sikumuona Jessica akiendesha gari. Anakwenda London, mwandishi mkongwe Marjorie Ainsworth anauawa, na Jessica mwenyewe anatiwa kwenye shaka. Gari hata halinijii akilini. Mwenzangu hebu kitazame tena, pengine dereva ni mtu mwengine na wewe umesoma haraka haraka.

#6 Binti Mwalimu

Bi Nyota, nimekitazama tena usiku huu, nimemwita na mdogo wangu akasoma kwa sauti. Ni Jessica. Hakuna mtu mwingine kwenye ile sentensi.

#7 Karani Mstaafu

Msigombane, nyote mko sahihi. Kila mmoja ameshika kitabu chake.

"Gin and Daggers" ilitoka mara ya kwanza 1989. Ilikuwa na makosa kadhaa yasiyolingana na tamthilia, na hilo la gari ndilo mashuhuri kuliko yote. Mwaka 2000 ikachapishwa upya, na mengi ya makosa hayo yakasahihishwa. Binti Mwalimu ana ile ya mwanzo. Nyota bila shaka ana ya pili. Fungua ukurasa wa hakimiliki utuambie.

#8 Nyota ya Pemba

Kweli, changu kimeandikwa 2000. Naomba radhi kwa Binti Mwalimu, nilikusema vibaya.

Lakini sasa ndio nimezidi kushangaa. Kosa kama hilo lilipitaje?

#9 Mtaa wa Pili

Jibu ni jepesi. Donald Bain hakuwa mtu wa ile tamthilia. Hakuandika vipindi vyake, hakukaa na wale waandishi wa runinga. Alipewa kazi: tunataka kitabu, mhusika huyu hapa, tarehe ya kukabidhi hii hapa. Mtu wa namna hiyo anaangalia vipindi viwili vitatu, anashika sura na sauti, basi anakaa kuandika. Sasa kutokuendesha gari unakujuaje kwa vipindi vitatu? Mtu asipoonekana anaendesha unadhani tu leo hakuwa na safari. Mpaka umfuatilie muda mrefu ndipo unagundua kwamba HAENDESHI.

Jambo ambalo mtu halifanyi ni gumu kuliona.

#10 Karani Mstaafu

Mtaa wa Pili, hoja yako ya mwisho nimeipenda, lakini Bain humtendei haki. Huyu si kijana wa kubahatisha. Kazi yake ilikuwa kuvaa sauti za watu wengine, na aliifanya kwa ufundi mkubwa. Mwaka 1967 kilitoka kitabu "Coffee, Tea or Me?", kumbukumbu za wahudumu wawili wa ndege wa kike, kikauzwa kwa mamilioni. Wasomaji waliamini kabisa kuwa wale mabinti ndio wameandika. Aliyeandika ni Bain, ambaye aliwahi kuwa mtu wa mahusiano ya umma wa shirika la ndege la American Airlines. Jina lake halikuwemo kwenye jalada.

Mtu anayeweza kukaa ndani ya vichwa vya mabinti wawili, atashindwaje kumchunguza mama mmoja anayeonekana runingani kila Jumapili jioni?

#11 Mtaa wa Pili

Ndiyo maana nasema haraka ilimponza. Kipaji hakizuii haraka.

#12 Mhariri wa Jioni

Nimekuwa nikisoma kimya, hili la nani alaumiwe limenigusa kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mwandishi akikosea, kuna watu wawili au watatu baada yake ambao wanalipwa ili kukamata kosa lile. Mhariri anatakiwa awe na daftari la mhusika: macho rangi gani, anatumia mkono upi, watoto wangapi, mume alikufa lini. Miaka ya nyuma nilifanyia kazi mchapishaji mmoja (simtaji) na tukatoa kitabu cha hadithi cha watoto ambamo babu ni kipofu ukurasa wa 6, na ukurasa wa 31 anasoma barua. Mwandishi alikosea, ndiyo. Lakini mimi nilisoma ule muswada mara nne na nikampitisha babu mwenye macho. Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyetuandikia barua.

Hiki kitabu kilianzia McGraw-Hill. Hawa wanajulikana zaidi kwa vitabu vya masomo. Vile vilivyofuata, kuanzia "Manhattans & Murder" ya 1994, vilitoka Signet, nyumba iliyozoea riwaya za bei nafuu na mashabiki wake. Nadharia yangu: mwaka 1989 hapakuwa na mtu mezani mwenye daftari la Jessica.

#13 Kipanga wa Tanga

Kwa hiyo kati ya 1989 na 1994 hakuna kitabu? Miaka mitano? Labda kosa la gari ndilo lililowafukuzisha kazi.

#14 Karani Mstaafu

Kipanga, Bain aliendelea kuviandika mpaka alipofariki Oktoba 2017, zaidi ya vitabu 40, vya baadaye akishirikiana na mkewe Renée Paley-Bain. Aliyefukuzwa haandiki 40. Baada yake kalamu ikachukuliwa na Jon Land, kisha Terrie Farley Moran. Vyote pamoja vimeshapita 50. Tamthilia imeisha 1996 na Jessica bado anatoa vitabu!

#15 Mzee wa Kiko

Nyongeza kidogo, ili mambo yakae mahali pake. Bain hakuwa wa kwanza kumtia Jessica kitabuni. Kabla yake James Anderson aliandika vitatu, 1985 na 1986, kimojawapo "The Murder of Sherlock Holmes", ambacho ndicho kile kipindi cha kwanza kabisa cha tamthilia. Lakini Anderson alikuwa anachukua maandishi ya kipindi kilichokwisha kuonyeshwa na kuyageuza riwaya. Huko huwezi kukosea gari, kwa sababu njia umeshachorewa.

Bain alipewa mhusika bila hadithi. Ilibidi abuni mauaji mapya, mji mpya, watu wapya. Hizo ni kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya.

#16 Fundi Baiskeli

Mzee wa Kiko umenifungua macho. Hebu nami niweke nadharia yangu.

Runinga ina mkasi. Jessica yuko jikoni Cabot Cove anaongea na simu, wanakata, yuko mlangoni kwa mtuhumiwa. Amefikaje? Hakuna anayeuliza, una dakika 48 tu na matangazo yanasubiri. Riwaya haina mkasi wa namna hiyo. Na vitabu vya Bain vinasimuliwa na Jessica mwenyewe, "mimi nilifanya hivi, mimi nikaenda kule". Msimulizi wa "mimi" lazima abebe miguu yake kila mahali. Mwandishi amekaa saa nane usiku, anataka mhusika atoke hapa afike pale kabla ya giza, na kitu cha karibu zaidi kwa Mmarekani ni gari. Mkono unaandika wenyewe.

Kwa hiyo mimi sioni uzembe. Naona umbo la kitabu lilimlazimisha.

#17 Mwana wa Kilindini

Fundi, hapo sikubaliani nawe hata chembe, na niko tayari kukesha.

Kutokuendesha gari ndiyo silaha ya Jessica! Fikiria. Mpelelezi mwenye gari anakaa peke yake njiani. Jessica kila akitoka lazima akae na mtu: dereva wa teksi, jirani, sherifu Amos Tupper, baadaye Mort Metzger. Lifti ni mahojiano. Mtu anayekupa lifti anaongea, maana anaangalia barabara na si uso wako. Nimeendesha teksi Mombasa miaka kumi na moja, nawaambia kitu ninachokijua: abiria wa kiti cha mbele anajua siri za dereva kufikia Buxton.

Ukimpa Jessica gari umemnyang'anya nusu ya ushahidi wake. Mwandishi aliyemuelewa asingefanya hivyo hata kitabu kimlazimishe vipi. Angemtafutia teksi, na ndani ya teksi angepata ukurasa mzuri.

#18 Mhariri wa Jioni

Namba 17. Nimeinakili kwenye daftari langu.

#19 Fundi Baiskeli

Nimesalimu amri kwa nusu. "Lifti ni mahojiano" sina jibu lake. Ila bado nasema saa nane usiku mkono unaandika wenyewe.

#20 Karani Mstaafu

Sasa niwape la kuwakosesha usingizi. Kwenye vitabu vya Bain vya baadaye, Jessica bado hana leseni ya gari. Lakini ana leseni ya urubani! Amejifunza kurusha ndege ndogo.

#21 Kipanga wa Tanga

NDEGE???

#22 Mwana wa Kilindini

Karani usitutanie.

#23 Karani Mstaafu

Sitanii. Ni jambo linalojulikana kwa kila anayefuata vitabu hivi. Na ukikumbuka Bain alivyokaa miaka na watu wa ndege, utaona limetokea wapi. Alimpa Jessica kitu anachokipenda yeye.

Ndiyo maana naelekea kuamini kwamba lile gari la 1989 halikuwa kusahau. Bain alitaka Jessica wake. Wa runinga ni mali ya watu wa runinga, wa kitabuni awe na mambo yake. Gari lilikataliwa, akarudi na ndege.

#24 Nyota ya Pemba

Na mchumba! Msisahau mchumba. George Sutherland, inspekta wa Scotland Yard, Mskochi mtaratibu, tena ameingia humu humu kwenye "Gin and Daggers". Kwenye runinga hayupo, kule Jessica ni mjane wa Frank na mapenzi yanamgusa yakapita. Kwenye vitabu huyu Sutherland anakuja, anaondoka, wanaandikiana, kitabu baada ya kitabu, na mimi nasoma nikiomba wafunge ndoa mwisho wake. Nina umri wangu sasa, na napenda kuona mwanamke mtu mzima anapendwa kwa heshima kitabuni. Kwa hilo namsamehe Bain gari zote.

#25 Dada wa Winnipeg

Uzi mzuri sana huu, asanteni. Huku Kanada ninaangalia marudio jikoni nikipika.

Kuna mwenzake Jessica hamjamtaja: Richard Castle. Tamthilia ya ABC, 2009 mpaka 2016, Nathan Fillion anaigiza mwandishi wa riwaya za upelelezi anayeambatana na polisi wa kike wa New York, Kate Beckett. Ndani ya tamthilia Castle anaandika riwaya inayoitwa "Heat Wave", na mhusika wake Nikki Heat amemchonga kutoka kwa Beckett. Septemba 2009 "Heat Wave" ikatoka madukani kweli! Jalada limeandikwa Richard Castle, nyuma picha ya Fillion. Hakuna jina lingine. Mpelelezi anafuatwafuatwa na mwandishi wa habari, jina lake Jameson Rook. Wachezaji wa sataranji wameshaelewa: ile kete ya pembeni ya ubao Waingereza wanaiita kwa majina mawili, moja ni castle na jingine ni rook.

Watu walikisia miaka nani ameandika. Baadaye Tom Straw, mwandishi wa vichekesho vya runinga, akajitokeza kuwa ndiye aliyeandika saba vya kwanza. Cha tatu, "Heat Rises" cha 2011, kilifika namba moja kwenye orodha ya New York Times.

#26 Mzee wa Kiko

Dada wa Winnipeg, hapo kuna tofauti kubwa na ningeomba tuikae kidogo.

Kitabu cha Castle ni KILE KILE anachokiandika kwenye runinga. Umekiona mkononi mwa Beckett Jumatatu, Jumanne unakinunua. Cha Jessica si hivyo. Kwenye tamthilia riwaya yake ya kwanza inaitwa "The Corpse Danced at Midnight", mpwa wake Grady aliipeleka kwa mchapishaji kwa siri. Riwaya hizo hatukupewa. Tulichopewa ni Jessica akisimulia mauaji anayokutana nayo maishani. Tena angalieni jalada: runingani anajiita J. B. Fletcher kama mwandishi, vitabu vya Bain vimeandikwa Jessica Fletcher, jina zima. Ni kama anatuandikia barua akiwa nyumbani kwake, kazi yake ya riwaya kaiacha mezani.

#27 Abuu Salim

Naomba nitofautiane na wengi. Kuweka jina la mtu asiyekuwepo kwenye jalada na kuchukua pesa ya msomaji ni udanganyifu. Mimi nilinunua "Heat Wave" Nairobi pale kwa vitabu vya mitumba Tom Mboya, sikuwa najua kuna tamthilia, nikamtafuta huyo Richard Castle nimwandikie barua ya pongezi. Nilipojua ukweli niliumia. Barua nilikuwa nimeshaiandika, kurasa mbili.

Angalau kwa Jessica jina la Bain lipo pale pale juu, msomaji anajua kuna binadamu. Tom Straw alitoa jasho lake na barua yangu haikuwa na pa kwenda.

#28 Mhariri wa Jioni

Abuu, barua hiyo bado ina pa kwenda. Straw anaandika vitabu kwa jina lake mwenyewe sasa. Mtumie.

#29 Abuu Salim

Sikuwa nimefikiria hilo. Naenda kuitafuta.

#30 Mtaa wa Pili

Turudi kwenye gari. Kuna ushahidi unaonipa nguvu. Mwangalieni Lee Goldberg aliyeandika riwaya za Monk, yule mpelelezi anayeogopa vijidudu. Goldberg aliandika na vipindi vya tamthilia yenyewe, kisha kuanzia 2006 akatoa riwaya 15. Monk wa kitabuni na wa runingani ni mtu mmoja. Mpaka riwaya yake ya kwanza, ile ya kituo cha zimamoto, ikarudishwa runingani kuwa kipindi. Mtu wa ndani hapotei njia. Bain alikuwa nje, akapotea. Ndiyo hivyo tu.

#31 Karani Mstaafu

Goldberg alikuwa na bahati ya kuwa ndani. Lakini mtu wa nje akaandika zaidi ya 40, na mashabiki wakamfuata mpaka kaburini. Kosa moja la 1989 halitoshi kumhukumu.

#32 Kipanga wa Tanga

Swali la pembeni: mbona sisi hatuna vitu hivi? Tamthilia zetu ni nyingi sasa hivi, watu wanazifuata kila usiku. Kwa nini hakuna riwaya ya mhusika wa runinga?

#33 Mzee wa Kiko

Kwetu njia ilianzia upande wa pili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alipata ushindi kwenye shindano la uandishi la 1957/58, "Mzimu wa Watu wa Kale" ikatoka 1960. Runinga Zanzibar ni 1973, na Tanzania Bara tumesubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza. Mpelelezi wetu alikuwa na kiko chake na Najum wake pembeni miaka mingi kabla hatujawa na kioo cha kumwonyesha. Sisi tulimwona kichwani kwanza, na kila mtu alimwona wake. Ndiyo maana hakuna wa kuja kutuambia "hapa umekosea, Bwana Msa hafanyi hivi".

Ingawa ningetamani sana atengenezewe tamthilia, tena ipigwe Unguja.

#34 Nyota ya Pemba

Bwana Msa! Tulimsoma skuli, mwalimu akifunga kitabu tunalia.

#35 Binti Mwalimu

Nimesoma yote, asanteni sana. Naona nisipoeleza kwa nini swali hili limenikaa rohoni mtadhani natafuta kasoro.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza Moshi. Alifiwa na baba mimi nikiwa na miaka sita. Mjomba aliyekuwa Uingereza alikuwa akituletea kanda za video alizorekodi, na nyingi zilikuwa Murder, She Wrote. Mama alikuwa na baiskeli ya Phoenix, anakwenda nayo shule, sokoni, kanisani. Hakuwahi kujifunza gari. Watu walimwambia sana: mwalimu, wewe msomi, mjane, jifunze gari upate heshima. Jumapili moja Jessica akatokea kwenye kioo juu ya baiskeli yake na Mama akasimamisha kanda. Akasema, "Mnaona? Mwalimu, mjane, baiskeli, na anawashinda polisi." Hakurudia tena kuzungumzia gari.

Mama amefariki miaka mitatu iliyopita. Nilinunua kile kitabu kwa sababu ya jina. Nilipofika kwenye lile gari nilihisi kama mtu amemwambia Mama kwamba alikosea.

#36 Mwana wa Kilindini

Pole sana dada. Mungu amrehemu Mwalimu. Hakukosea.

#37 Kipanga wa Tanga

Pole dada. Niliandika mzaha kule juu nikiwa sijui.

#38 Fundi Baiskeli

Phoenix zile za fremu nyeusi ninazo mbili banda langu, bado zinatembea. Pole, Binti Mwalimu.

Nikupe tafsiri nyingine uione kama inafaa. Msimulizi wa kitabu ni Jessica. Jessica ni mtunzi wa riwaya. Mtunzi akisimulia maisha yake anaweza kujipa kitu asichokuwa nacho. Kwa hiyo kile kilichoandikwa 1989 ni Jessica anatunga, na ukweli ni ule tuliouona kwenye kioo, wa baiskeli.

#39 Karani Mstaafu

Nzuri, lakini mbona 2000 akajisahihisha?

#40 Fundi Baiskeli

Kwa sababu waliomjua walimwambia "mama, wewe huendeshi".

#41 Mhariri wa Jioni

Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko nadharia zote, zangu zikiwemo. Miaka 11 baadaye, tamthilia imeshakwisha, mtu amekaa mezani akapita kitabu kizima kwa kalamu kumrudisha Jessica alivyokuwa. Kazi hiyo hailipi. Huuzi nakala nyingi zaidi kwa kuondoa gari. Mtu aliona tu kwamba mhusika ana haki yake.

#42 Mtaa wa Pili

Au mchapishaji alichoka kupokea barua. Lakini sawa, sitagombana leo.

#43 Nyota ya Pemba

Binti Mwalimu, mimi nakuja Dar mwezi ujao, nitashukia kwa dada yangu Magomeni. Hichi changu cha 2000 nakuletea. Kiweke kabatini kwa jina la mama.

#44 Binti Mwalimu

Bi Nyota, sijui niseme nini. Karibu sana. Na changu cha 1989 ukichukue?

#45 Nyota ya Pemba

Nakitaka mno! Nataka nimuone akiendesha. Ila nambie kwanza, ni ukurasa gani, nianzie hapo.

#46 Kipanga wa Tanga

Na mimi nakiomba baada ya Bi Nyota. Nitakifuata mwenyewe Magomeni, nitakuja na basi la saa kumi na mbili.

#47 Mwana wa Kilindini

Kaa kiti cha mbele, Kipanga. Dereva atakuwa na mengi.